Tarumbeta Kwenye Simu ya Upepo

Mimi nina hasira za karibu. Watu wengi Makambako wanalijua hilo, na watakwambia kabla hujawauliza. Kwa hiyo siku baba alipotangaza mbele ya wageni kwamba simu za upepo zina mpaka Idi, na mimi nina mpaka Idi, nilitua sinia la kahawa mezani kwa kishindo hadi vikombe vikaruka. Mjomba Abdulaziz, dereva wetu, akaokota kijiko mapajani mwake akakirudisha kwenye sinia.

Baba yangu, Zubeiri, alitoka Kondoa akiwa kijana mkono mtupu. Alianza kwa kuuza chumvi karibu na stesheni ya reli, na serikali ilipowaachia watu wafanye biashara watakavyo, akanunua lori, kisha la pili. Kampuni moja ya barabara ilipofunga kambi na kuuza vyombo vyake, baba alikwenda kutafuta matairi. Alirudi na simu za upepo tatu, zile za sanduku lenye spika na mdomo wa kushika mkononi, na waya mrefu wa kutundika juu ya miti. Mji mzima ulimcheka. Mama alicheka kuliko mji mzima.

"Kama hadi Idi hizi mashine hazijaniletea mzigo wa maana," alisema baba siku ile ya kahawa, "yule bwana wa mbao anayezitaka anazinunua zote tatu. Na wewe Yasmini utakwenda Kondoa kwa shangazi yako Hamisa. Anataka mtu wa dukani."

Sikuwa na ugomvi na shangazi Hamisa. Ugomvi wangu ulikuwa na duka lake. Nilikwisha kukaa mle likizo moja nzima, nikipima utepe na kuhesabu vifungo, nikajua kwamba nikirudi tena nitazeekea pale. Nilichotaka mimi ni kile kiti kilichokuwa chumba cha nyuma, mbele ya simu ya upepo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa nimepewa kazi yoyote duniani isipokuwa ile, na niliipenda vibaya sana. Mtu akizungumza kutoka milimani, mimi ndiye niliyemsikia kwanza.

Simu moja ilikuwa kwetu. Ya pili ilikuwa Lugenge, milimani kupita Njombe, nyumbani kwa Tabea. Tabea alizaliwa Mjimwema, pale Njombe mjini, akaolewa mlimani, na huko akawa mkuu wa kikundi cha wakulima wa viazi kwa sababu hakuna aliyeweza kubishana naye akashinda. Ya tatu ilikuwa bado kwenye sanduku lake stoo, ikingoja baba aamue pa kuipeleka.

Tulichotaka kujua kutoka Lugenge kilikuwa kidogo tu. Kutoka Makambako hadi Njombe ni lami, lakini kutoka lami kwenda kule juu ni udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, lori linakaa humo hadi litakapojisikia kutoka. Ukikauka, viazi viko tayari na lori linapita. Basi mtu wa Lugenge alitakiwa atuambie moja kati ya maneno matatu: njoo, usije, au lori limejaa linaondoka. Ungedhani ni kazi rahisi.

Haikuwa rahisi kwa sababu ya njia yenyewe. Asubuhi, hewa inapokuwa safi, masafa yale yalikuwa ya wakubwa: hospitali, misheni, mashamba ya chai. Sisi tulipewa robo saa jioni, wakati radi za Usangu zinapoanza kunguruma na spika inakaanga kelele kama mafuta ya moto. Tena betri ya Lugenge ilikuwa ya trekta kuukuu, na kila ilipoishiwa nguvu ilibidi mtu aibebe kichwani hadi kwa mwenye mashine ya kuichaji. Sauti ya Tabea ilikuwa ikianza imara na kumalizika kama ya mgonjwa.

Mwanzoni tulimwacha kila mtu aseme apendavyo. Basi Tabea alisema. Ubenani, kwao Tabea, huingii kwenye shida yako kabla hujajua mwenzako ameamkaje.

"Kamwene, dada Yasmini!"

"Kamwene, mama Tabea."

"Baba hajambo? Mama je? Na yule mjomba mgongo wake? Mvua huko mmepata? Na jirani aliyekuwa anaumwa jino?"

Nami nilijibu kila swali, kwa sababu nimelelewa vizuri, halafu ilibidi na mimi niulize. Tulipofika mahali pa kusema "sasa, dada, kuhusu viazi," betri ilikata. Ikawa hivyo jioni baada ya jioni. Niliijua familia yote ya Tabea hadi ng'ombe, na sikujua kama kuna gunia hata moja.

Baba akapandisha mori. "Salamu marufuku!" akasema, akaninyang'anya mdomo wa simu. Jioni ile Tabea alipoita, baba alimkata: "Lugenge! Magunia mangapi?"

Kimya. Kesho yake kimya. Keshokutwa yake wakashuka kwenye lori la mkaa wazee wawili wa Lugenge, wamevaa makoti ya ibada, wameshika kuku. Walimkuta baba uani, wakamshika mkono kwa mikono yote miwili wakainamisha vichwa. Ilituchukua muda kuelewa. Kule walikaa kikao wakajiuliza ni jambo gani linaweza kumfanya mtu mwenye akili timamu asahau kusalimia, wakaona ni moja tu: nyumbani kwetu kumefiwa. Baba hakuwa na la kufanya. Kuku alichinjwa, na baba akala kitoweo cha msiba wake mwenyewe huku mama akilia kwa kucheka jikoni.

Ndipo mjomba Abdulaziz, aliyepitia jeshi, akaleta mpango wa namba. Moja ni njoo, mbili ni usije, tatu limejaa. Salamu zikawa dakika moja, kwa heshima, kisha namba. Mpango mzuri, ila kwenye kelele zile namba zote zilitoka zimeungua. Nilimwomba Tabea arudie, naye akarudia, nikamwomba tena, hadi robo saa ikaisha na sauti zimetukauka. Baba alipoona hivyo akatoa yake: "Mkisikia kimya, maana yake hakuna mzigo. Basi." Nikamwambia kimya kinaweza kuwa betri imekufa, au waya umeangukiwa na mti, au Tabea ana mafua. Akaniambia nina mdomo mrefu. Nikamwambia nimeurithi. Siku hiyo sikula mezani.

Jambo lenyewe lilijileta. Jioni moja spika ilikuwa kelele tupu, sikupata hata neno la Tabea, na nilikuwa karibu kuzima. Ghafla, ndani ya kelele zile, nikasikia tarumbeta. Ilikuwa safi, kila noti mahali pake. Kanisa la Kilutheri la Lugenge liko hatua chache kutoka kwa Tabea, na bendi yao ya matarumbeta ilikuwa mazoezini. Maneno yalishindwa kupita, lakini mlio wa shaba ulikuwa umefika Makambako mzima mzima. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani kama mwendawazimu.

Safari iliyofuata nilimbebesha mjomba maelekezo, na Tabea alielewa kabla hajamaliza kuambiwa, maana yeye mwenyewe ni mpiga tarumbeta katika bendi ile. Wakapatana. Wimbo wa siku ya mavuno, ule wa kuchangamka, ni njoo. Wimbo wa kusindikiza jeneza ni usije. Noti moja ndefu ni lori limejaa. Mjomba alirudi akiniimbia nyimbo zote mbili, na mjomba haimbi vizuri. Nilichoshika mimi ni kwamba mmoja unakwenda haraka na mwingine unakwenda polepole, nikaona inatosha.

Ikabaki namna ya mimi kujibu kwamba nimepata. Nilijaribu kupiga mluzi, nao ulifika vizuri, ila baba alitokea mlangoni kama amesikia nyoka. "Mtoto wa kike, ndani ya nyumba yangu, mluzi?" Nikachukua kikombe cha bati na kijiko. Kugonga mara moja, nimepata. Kugonga mfululizo, rudia. Chombo cha watu wa barabara, kilichokuja nchini kwa meli, sasa kilizungumza kwa tarumbeta ya kanisa na kijiko cha chai. Kilifanya kazi. Lori lilipanda, likashuka limejaa, baba akaanza kupita chumba cha nyuma akiuliza "wamesemaje?" kwa sauti ya mtu ambaye eti hajali.

Ramadhani ikaingia. Bei ya viazi Dar es Salaam ikapanda, na baba akasema anataka malori mawili yafike kule kabla ya Idi. Huo ndio ungekuwa mzigo wa maana. Mimi nikawa nakaa kwenye kiti changu kila jioni, nimefunga, midomo imekauka, kikombe mkononi. Jirani yetu mama Anifa alisikia kijiko kikigonga kikombe kabla ya magharibi, siku ya kwanza akavumilia, siku ya pili akaja moja kwa moja hadi dirishani.

"Yasmini! Unakunywa chai mchana wa Ramadhani?"

Nikampa kikombe aangalie ndani. Kilikuwa kikavu. Alikigeuza, akakinusa, akaondoka bila kuridhika.

Basi ndipo ilipokuja jioni ya wimbo wa polepole. Usije. Nikagonga mara moja, nikamwambia baba barabara imefungwa. Kesho yake polepole tena. Keshokutwa vilevile. Tarumbeta ilikuja kwa mwendo wa jeneza kila siku, nami kila siku nikagonga nimepata, na malori mawili yakakaa uani yameoshwa, hayana pa kwenda.

Hapo madereva wa Songea wakaanza kututia mchanga kitumbua. "Mvua? Mvua gani?" alisema mmoja wao akipangusa shingo. "Njombe mvua imekata. Kuna vumbi hadi puani."

Baba alinitazama. Nikajua amekwisha amua. Siku iliyofuata bwana wa mbao alikuja, akaingia chumba cha nyuma, akapapasa simu yangu juu na chini kama anayenunua mbuzi. Nilitamani kumgonga na kile kijiko. Baba alimwambia arudi siku chache kabla ya Idi na fedha zake. Mama akaanza kunishonea gauni la safari, na hakuwa anacheka tena.

Nililia, sitaki kuficha. Nililia uani nyuma ya pipa la maji, kwa hasira kuliko huzuni, maana sikuelewa. Tabea si mwongo. Madereva si waongo. Tarumbeta ilisema usije na barabara ilikuwa kavu.

Nikiwa nyuma ya lile pipa nikasikia kishindo kidogo kutoka kwa mama Anifa. Mwanawe alikuwa aoe, na harusi ilikuwa imesogezwa hadi baada ya Idi. Wapiga ngoma wa harusi, vijana wa pale mtaani, walikuwa wamekaa mkekani kwenye kivuli. Ngoma zenyewe zilifungiwa ndani kwa heshima ya mwezi. Walikuwa wakipiga mapaja yao kwa viganja, taratibu, taratibu mno, pigo kisha pumzi, pigo kisha pumzi. Nilichungulia juu ya ua.

"Mnapiga nini hicho? Mbona kama mnazika mtu?"

"Ni ileile ya kumtoa bwana harusi," akanijibu mmoja. "Mwezi wa toba huu, dada. Tukiipiga kwa mwendo wake mama Anifa atatufukuza. Tunajikumbusha polepole."

Nilibaki nimeshika ua. Ileile, polepole. Nikakumbuka kwamba wiki ile ile wimbo ulipoanza kuburura miguu, wateja wetu wa Njombe walikataa mwaliko wetu wa karamu ya Idi wakisema wameanza Kwaresima. Nikauimba kimoyomoyo ule wimbo wa kila jioni, nikauharakisha, nikauharakisha tena, na uso wa mjomba Abdulaziz ukanijia akiimba vibaya wimbo wa mavuno. Ulikuwa huohuo. Noti kwa noti. Nao wana mwezi wao! Nilikimbia kuingia ndani nikampamia baba akitia udhu.

"Baba, wanasema njoo! Siku zote walikuwa wanasema njoo!"

Nilimweleza, na nilieleza vibaya, kwa sababu nilikuwa nahema na maji yamemwagikia kanzu yake. Kwamba Walutheri katika Kwaresima hawapigi nyimbo za shangwe. Kwamba Tabea hakuweza kupiga wimbo wa mavuno kwa mwendo wake, basi aliupiga kwa mwendo wa toba, akijua kila mtu mwenye dini ataelewa. Kwamba yeye alisikiliza wimbo na mimi nilisikiliza mwendo.

"Na kwa nini hakushtuka lori lisipofika?"

"Kwa sababu nilimgongea nimepata, baba. Kila siku nilimwambia nimepata. Nilipata kweli, ila sikuelewa."

Baba alikaa juu ya kigoda. Malori mawili kwenda mlimani na kurudi matupu lingekuwa pigo ambalo hata Idi isingelifuta. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina hakika ila ninajua, na lori moja likirudi tupu nitapanda basi la Dodoma niende Kondoa mwenyewe, hana haja ya kunisindikiza, na gauni lipo tayari.

"Litakwenda lori moja," akasema hatimaye. "La pili linabaki hapa hadi nisikie. Na utakwenda nalo, ukaone kwa macho yako. Mimi nitakaa kwenye hicho kiti chako."

Tulipanda alfajiri, mjomba na mimi. Njombe palikuwa na baridi na jua kali kwa pamoja. Tulipoacha lami, vumbi jekundu lilipanda hadi tukafunga vioo, na mjomba Abdulaziz akaanza kuimba wimbo wa mavuno kwa sauti yote aliyojaliwa. Safari hii sikumwambia anyamaze.

Magunia yalikuwa yamepangwa barazani mwa kanisa, mengi, yamefunikwa maturubai. Wanawake waliokuwa wamekaa juu yake hawakuinuka. Mmoja tu aliinuka, mnene, mwenye kitenge cha kijani na tarumbeta kwapani. Sikuwahi kumwona usoni, ila nilimjua.

"Kamwene," alisema, maana hasira haimzuii mtu kusalimia. Tukasalimiana hadi mwisho, nyumbani, watoto, mgongo wa mjomba. Kisha akafura. "Mlikuwa wapi? Viazi vya juu vimeanza kuota macho. Kila jioni nakwambia njoo, na wewe unanigongea nimepata! Wenzangu wanasema nimewauza!"

"Ulinipigia usije!"

"Nilikupigia njoo!"

"Ulipiga polepole!"

"Ni Kwaresima!" Akaniangalia kama ananionea huruma. "Ulitaka nipige shangwe Kwaresima? Mzee Filemoni angeninyang'anya tarumbeta."

Mzee Filemoni, mwalimu wa bendi, alikuwa amesimama pale pale mlangoni mwa kanisa, mrefu na mkavu, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, angemnyang'anya.

"Na mimi nitajuaje Kwaresima yenu?" nikafoka. "Unajua mimi nimefunga sasa hivi? Unajua harusi ya jirani yetu imesogezwa, ngoma zimefungiwa ndani?"

Tabea alinisogelea. "Na nyinyi mmefunga?" akauliza. "Sasa hivi? Pamoja na sisi?" Na hapo hapo akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akajishika kwenye gunia, na wale wanawake wakaanza mmoja mmoja, hadi mjomba akateremka kwenye lori kuuliza kuna nini. Nilicheka hadi nikasikia njaa yangu yote.

Tukapakia. Mjomba alivuta nyaya kutoka betri ya lori hadi simu ya Tabea, ili kwa siku hiyo moja tuwe na nguvu ya kutosha. Saa yetu ilipofika tulikuwa tumeuzunguka mlango wa Tabea wote, Mzee Filemoni nyuma ya watu, akijifanya amepita tu. Tabea akapiga noti moja ndefu: limejaa. Tulisubiri. Kelele, kelele, kisha kijiko, mara moja, kwa nguvu ya mtu asiyezoea. Halafu, kwa sababu ya ile betri, kikaja kitu ambacho sikukitegemea: sauti ya baba, imekwaruzwa lakini inasikika.

"Yasmini. Bwana wa mbao alikuja leo. Nimemrudisha na fedha zake." Spika ikanguruma, ikaachia. "Mama yako anasema hilo gauni litakufaa Lupingu, ziwani kuna joto. Simu ya tatu utaipeleka wewe, baada ya Idi, kwa wavuvi wa dagaa wa huko. Uwasikilize kwanza, ujue wanaishije, ndipo mpatane. Mimi siwezi kazi hii. Nimekaa kwenye kiti chako tangu adhuhuri hadi nimeumwa kichwa." Kelele zikapanda tena na sauti ikaanza kuzama. "Sasa niambie. Lori la pili lije, au lisije?"

Nilichukua mdomo wa simu nikabonyeza. Hakuna kilichotoka. Machozi yalikuwa yananitiririka mbele ya Lugenge nzima, na nilijua robo saa inakwisha na radi inakuja. Nilimgeukia Tabea nikatikisa kichwa kwamba siwezi.

Tabea aliniangalia. Akamtazama Mzee Filemoni, muda mfupi tu. Kisha akainua tarumbeta akapiga wimbo wa mavuno kwa mwendo wake halisi, wa haraka, wa shangwe, katikati ya Kwaresima, mashavu yamevimba na mguu ukigonga ardhi. Wanawake wakashangaa, halafu wakaanza kupiga vigelegele. Mzee Filemoni akageuka polepole, akatuonyesha mgongo wake, akaanza kuhesabu magunia ambayo yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa.

Kule Makambako kijiko kikagonga mara moja. Nikafuta uso kwa mtandio, nikaenda kuwasaidia kufunga turubai.